Taulo la moto alfajiri: nyie mnajiinuaje moyo majira ya baridi?

Zamu_ya_Alfajiri (mleta mada), Desemba 3

Wakuu, habari za baridi.

Nafanya kazi ghalani. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, inaisha saa tisa alasiri, na jengo halina dirisha hata moja la kudanganyia. Naondoka nyumbani giza. Nikitoka kazini jua limebakiza dakika arobaini hivi, na hizo nazimalizia kwenye basi ambalo vioo vyake vimezibwa na ukungu wa pumzi za watu. Huu ni mwaka wa tatu. Wa kwanza nilijiambia ni ugeni. Wa pili nikasema ni uchovu. Mwaka huu nimeacha kujidanganya: ikifika katikati ya Novemba kuna kitu ndani yangu kinajikunja kama paka, na hakinyooki mpaka Machi.

Swali langu si kubwa. Sitaki kuambiwa nianze mazoezi, sijui nisafiri kulifuata jua, sijui nioge maji ya barafu (kuna mtu atalisema tu, namngoja). Nataka vitu vidogo. Kitu ambacho mtu aliyechoka anakifanya hata kabla hajavua koti, hakihitaji ratiba wala mtu wa kumhimiza, na kikiisha anajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Naanza mimi, msije mkadhani nawachimba tu.

Taulo. Kwangu joto linatoka kwenye yale mabomba ya chuma yaliyofungwa ukutani, yanayopitisha maji ya moto. Yanaanza kupata moto saa kumi na nusu alfajiri, mimi naamka saa kumi na moja kasorobo. Kabla sijaingia bafuni natandaza taulo juu ya bomba. Naoga dakika nane. Nikitoka, sakafu ni ya vigae, baridi inaanza kunipanda kutoka nyayoni, nanyoosha mkono, navuta taulo, najifunika gubigubi kuanzia kichwani. Kuna sekunde kama kumi ambazo humo ndani hakuna ghala, hakuna basi, hakuna Desemba. Halafu taulo linapoa na maisha yanaendelea. Lakini sekunde hizo kumi ndizo zinazonitoa kitandani. Sitanii. Saa ikilia siwazi kazi, nawaza taulo.

Cha pili nakisema kwa aibu. Nikifika kazini nafungua themosi, na kabla sijanywa naweka uso juu ya mvuke mpaka miwani izibe kabisa. Nakaa hivyo hivyo, kipofu, mpaka vioo vijisafishe vyenyewe. Wenzangu wameshanizoea.

Ndiyo hivyo, viwili tu. Kwa miezi minne havitoshi. Nipeni vyenu, na mniambie mnavifanyaje hasa, maana "furahia mambo madogo" nimeshaambiwa sana na haijanisaidia kitu.

---

soksi_kavu

Soksi.

Beba jozi ya pili kwenye begi. Saa sita mchana vua za asubuhi, vaa hizo. Usiseme za asubuhi hazijalowa. Zimelowa, ila hujui. Mguu unatoa jasho hata kwenye baridi, na jasho hilo ndilo linalokugandisha mchana.

Ziwe za sufu. Sufu inabeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla ngozi haijaanza kuusikia. Pamba ikilowa imelowa.

Mimi ni fundi wa nguzo za umeme, niko nje kutwa. Nimeacha sigara, nimeacha mengi. Soksi za saa sita siachi.

---

Mama Daftari

Mwanangu Zamu, pole na kazi. Mimi nimestaafu, muda ninao, kwa hiyo nitaandika kirefu na utanisamehe.

Kila mwaka natafuta daftari moja jembamba. Kuanzia tarehe 1 Desemba naandika humo jambo moja tu: saa na dakika ambayo jua linazama, nikiwa nimesimama kwenye dirisha la jikoni, pale pale, na penseli ile ile. Siku ya mawingu naandika "mawingu", kisha naandika saa ambayo taa za barabarani zimewaka, kwa sababu zile zinajiwasha zenyewe giza likiingia. Basi. Kazi ya dakika moja.

Sasa sikiliza kilichonipata mwaka wa kwanza. Nilikuwa naamini, kama kila mtu, kwamba siku fupi kuliko zote, ile ya tarehe 21 au 22 Desemba, ndiyo siku ambayo jua linawahi kuzama kuliko siku nyingine yoyote. Nafungua daftari, nakuta jua lilikwisha kuanza kuchelewa kuzama siku kama kumi kabla ya hapo. Nikasema saa ya ukutani imeharibika. Nikabadilisha betri. Mwaka uliofuata, yale yale. Nikamuuliza kijana jirani yangu anayefundisha fizikia, akacheka, akachukua chungwa na taa ya mezani, akanielekeza.

Kumbe msimu huu, ukipima kutoka jua likiwa juu kabisa leo mpaka likiwa juu kabisa kesho, unapata saa 24 na kama nusu dakika ya nyongeza. Ni kwa sababu dunia imeinama, na pia kwa sababu njia yake ya kulizunguka jua si duara kamili, kwa hiyo mwendo wake haulingani mwaka mzima. Hiyo nusu dakika ya kila siku inausukuma mchana wote mbele kwenye saa zetu. Jua linachelewa kuchomoza, na linachelewa pia kuzama. Ndiyo maana asubuhi zinazidi kuwa mbaya hata baada ya siku fupi kupita, ilhali jioni zimekwisha kupona kabla yake. Kwa waliosogea zaidi kaskazini tofauti ya siku ni ndogo, kwa waliokaribia ikweta ni kubwa zaidi.

Hiyo ndiyo starehe yangu. Wakati watu wote wanalalamika kuwa giza linaongezeka, mimi nimekaa na penseli yangu najua kitu ambacho hawakijui: jioni imeshageuka. Naandika dakika moja. Baada ya siku mbili tatu, nyingine. Ikifika mwisho wa Januari, hapa kwangu jioni peke yake inarefuka karibu dakika mbili kwa siku, na mimi naandika kwa bidii utadhani nalipwa.

Wewe kwa zamu yako asubuhi imeshakwenda, usiihangaikie. Lakini mapumziko yako ya mchana usiyamalizie ndani. Vaa koti, simama nje dakika kumi, hata kama mbingu ni ya kijivu kama sufuria. Taa za ofisini zinatoa mwanga wa luksi (kipimo cha mwanga) 300 mpaka 500. Nje, chini ya mawingu mazito, mara nyingi ni maelfu. Jicho linatuzoesha vibaya, linatufanya tuone kama mwanga ni ule ule, lakini ndani yake kuna chembe ambazo kazi yake ni kuuambia ubongo kama sasa ni mchana au usiku, na hizo hazidanganyiki.

---

Kunguru Mweupe

Kwa kuwa tumeingia kwenye mambo ya jua, ngoja niwaudhi kidogo. Mwanzoni mwa Januari ndipo dunia inakuwa karibu na jua kuliko wakati wowote wa mwaka, kilomita milioni 147 hivi. Mwanzoni mwa Julai ni milioni 152. Yaani sisi wa kaskazini tunatetemeka tukiwa tumeketi karibu na moto!

Ni ule mwinamo tu, nyuzi 23.4. Jua linatupiga kwa upande, mwanga umetandazwa kama siagi kidogo kwenye mkate mkubwa. Wenzetu wa kusini mwa dunia, ambao baridi yao kali ni Juni mpaka Agosti, ndio wenye haki ya kulalamika kwamba jua limewakimbia kweli.

Kitu changu kidogo: chupa ya mpira ya maji ya moto. Lakini utaratibu ndio wenye raha. Dakika ishirini kabla ya kulala naituma kitandani itangulie. Nailaza pale miguu itakapofikia, nafunika blanketi, nazima taa, naondoka. Halafu naendelea na shughuli zangu nikijua kuna mtu ananingoja. (Naishi peke yangu, msinicheke.) Maji yasiwe yanayotokota, mpira unachoka haraka na siku ukipasuka utajuta.

Na wewe mkuu Zamu, taulo juu ya bomba la maji sawa. Ila kwa wanaosoma wenye hita za umeme, zile za nyaya nyekundu au za feni: usithubutu kutandaza kitu juu yake. Jirani yangu alikausha fulana hivyo. Fulana haikukauka, ilikwenda, na pazia likaifuata. Kwa bahati nzuri alikuwa macho.

---

usingizi_kwanza

Baridi ni baridi tu. Mimi nalala mpaka Machi. Mkiniona na uchangamfu mniamshe.

---

soksi_kavu

@usingizi_kwanza lala na soksi. Miguu ikipata joto mishipa ya damu inafunguka, joto la ndani ya mwili linatoka, na hilo likishuka ndipo usingizi unakuja. Za kulalia ziwe jozi ya tatu. Usilalie za mchana.

---

Bi Taa

Zamu, ule mstari wako wa paka aliyejikunja nimeusoma mara tatu. Ndio ulionifanya niandike, maana kwa kawaida mimi ni wa kusoma na kupita.

Nilikuwa navyo vitu vidogo vyote. Mshumaa dirishani, blanketi la kwenye kochi, kikombe kikubwa cha kushika kwa mikono miwili. Vilinifaa miaka mingi. Halafu mwaka mmoja vikaacha kufanya kazi. Nikawa nashika kikombe cha moto nahisi ni kikombe tu. Nalala saa mbili usiku, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kutwa natamani vitu vitamu na wanga. Simu inaita naiangalia mpaka inyamaze. Nilijiita mvivu miezi mitatu mizima.

Nilipofika kwa daktari hakuniuliza najisikiaje. Aliniuliza: "Ilianza lini?" Nikamwambia Novemba. "Na mwaka jana?" Novemba. "Na mwaka juzi?" Hapo nikaanza kulia pale pale kitini, na kilio chenyewe kilikuwa cha nafuu, kwa sababu kumbe lilikuwa na jina. Sonona ya msimu. Daktari Norman Rosenthal na wenzake, huko Marekani, ndio walioielezea kitaalamu mwaka 1984. Na huyo Rosenthal alikuwa ametoka Afrika Kusini, alipohamia New York akajiona mwenyewe nguvu zinamwisha majira ya baridi na kumrudia majira ya kuchipua. Sijui kwa nini hilo lilinifariji sana. Nadhani ni kujua kwamba hata daktari alijikunja.

Nilipewa utaratibu wa taa. Si taa yoyote, ni ile maalumu ya luksi 10,000, iliyozuiwa ile mionzi inayounguza ngozi. Nusu saa, asubuhi, mapema baada ya kuamka. Huikodolei macho, unaiweka kwa pembeni kidogo mbele yako, kwa umbali ulioandikwa kwenye maelezo yake, na unafanya mambo yako. Jioni usiitumie, itakuharibia usingizi. Na mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi asilale siku mbili tatu, aanze kwa daktari wake, asijinunulie tu.

Sasa, kwa sababu swali ni la furaha ndogo na mimi nimeleta hospitali, niseme na yangu. Nusu saa ile ya taa nafuma. Sijui kufuma. Nimefuma skafu moja tangu nianze, imefika karibu mita tatu, kwa sababu sijajifunza namna ya kumalizia. Kila mwaka inaongezeka. Binti yangu anaiita reli.

Kipimo changu, uchukue au uache: taulo lako likiwa bado linakufurahisha, endelea nalo, na uongeze mengine. Ikitokea wiki mbili mfululizo taulo ni taulo tu, usitafute taulo jingine. Tafuta daktari.

---

Mtembea Kwanza

Mimi nina mbwa, na mbwa hajui habari za msimu. Saa kumi na moja alfajiri anasimama mlangoni, basi tunatoka. Mwanzoni nilimchukia kwa ajili hiyo. Sasa naogopa siku atakapozeeka.

Kama kwenu theluji inaanguka, toka asubuhi ya kwanza baada ya theluji kuanguka usiku kucha, kabla watu hawajaikanyaga. Sikiliza. Hakuna sauti. Kwa muda mrefu nilidhani ni kwa sababu watu wamelala, lakini hata gari likipita linapita kama limevaa soksi (samahani soksi_kavu). Theluji mpya sehemu kubwa ni hewa tupu, ina matundu madogo madogo yasiyohesabika, na sauti ikiingia humo haitoki. Inadumu siku moja au mbili. Ikishashindiliwa, au ikiyeyuka juu na kuganda tena, imekwisha, inakuwa kama sakafu na kelele zinarudi.

Jambo la pili, sikiliza miguu yako. Joto likiwa karibu na nyuzi sifuri theluji ikikanyagwa inanyamaza, kwa sababu inayeyuka kidogo chini ya kiatu na kuteleza. Ikishuka kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hivi, na zaidi, punje zinasagana kavukavu na theluji inaanza kulia chini ya kiatu. Mimi sihitaji tena kuangalia kipimajoto. Hatua tatu nje ya mlango najua kama leo ni siku ya kofia moja au mbili.

Na la tatu ni la kitoto. Vaa glavu nyeusi, simama, ngoja punje ya theluji itue. Usipumue juu yake. Utaona pembe sita, kwa sababu chembe za maji zikiganda hujipanga kwa mkao wa pembe sita, na punje inakua kufuata mpango huo. Kuna mkulima wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, alifanikiwa kupiga picha ya punje moja kwa hadubini mwaka 1885, na hakuacha tena. Alipiga zaidi ya 5,000 maishani mwake. Kila nikisimama barabarani na mkono nimeunyoosha kama ombaomba, mbwa ananishangaa, nakumbuka kwamba kuna mtu alifanya hivi maisha yake yote na hakuna aliyemwona mwehu. Au walimwona, na hakujali.

Ukikosa theluji, angalia juu. Anga la usiku wa baridi halina vumbi vumbi la joto, na giza linaingia mapema, huhitaji kukesha. Saa moja jioni tu ya Januari, kaskazini mwa dunia, Kilimia kiko juu sana. Kile kikundi kidogo cha nyota kama alama ya kidole. Ukikitazama moja kwa moja kinakuwa na ukungu, ukitazama pembeni kidogo kinaonekana vizuri zaidi. Mwanga wake umesafiri miaka kama 440 kufika kwenye jicho lako, na wewe hapo ulipo unangojea mbwa amalize haja yake.

---

Kunguru Mweupe

@Mtembea Kwanza "kama ombaomba" imeniua. Mbwa anaitwa nani?

---

Mtembea Kwanza

Anaitwa Julai.

---

jikoni_kwa_bibi

Nimechelewa kufika ila naomba niongeze mbili haraka haraka.

Tawi. Mwishoni mwa Januari kata kitawi cha cheri au mti mwingine wa matunda unaochanua mapema, kilichokwisha kupigwa na baridi ya kutosha (hiyo baridi inahitajika, bila yake machipukizi hayaamki). Kitie kwenye maji, kiweke ndani mbali na bomba la moto, badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Wiki mbili au tatu hutaona kitu, utaniona mwongo. Halafu asubuhi moja unakuta kimechanua, nje bado barafu.

Ya pili ni hewa ya ndani. Baridi ya nje haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi. Hewa ya nyuzi sifuri ikiingia ndani na kupashwa mpaka nyuzi 20, unyevu wake unabaki kama robo tu ya kinachoweza kubebwa. Ndiyo maana midomo inapasuka na koo linakwaruza asubuhi. Mimi naweka mafuta ya midomo karibu na kitanda, na kabla ya kulala napaka mikono mafuta mengi kuliko inavyostahili, kisha navaa glavu za pamba. Mume wangu anasema nalala kama mtu anayejiandaa kuiba benki. Asubuhi mikono ni ya mtoto mchanga.

---

baharia_mstaafu

Oga maji ya barafu.

---

Zamu_ya_Alfajiri

@baharia_mstaafu nilikuwa nakungoja mzee wangu. Karibu sana. Hapana.

---

Zamu_ya_Alfajiri, Februari 9

Wakuu, nimerudi. Nilisema nitajaribu, nimejaribu, natoa ripoti kwa haki.

Soksi: fundi, sina la kusema. Siku ya kwanza nilizibadilishia chooni kwa aibu. Sasa nabadilishia pale pale kwenye meza ya chakula, na wenzangu wawili nao wanabeba zao. Msimamizi alituuliza kama tumeanzisha dini.

Tawi: nililiweka karibu na bomba. Ndiyo, nimesoma ulichoandika baada ya kulikausha. Nimekata jingine.

Glavu nyeusi na theluji: theluji haijaanguka kwetu tangu Krismasi, ni mvua tu. Lakini Kilimia nimekiona. Nilikuwa nakitafuta upande mbaya wa anga wiki nzima, nikilaumu mawingu.

Chupa ya mpira: nimenunua. Kunguru, nakuelewa sasa. Siongezi neno.

Bi Taa, hili ni lako. Kulikuwa na siku Januari ambazo taulo lilikuwa taulo tu. Kwa sababu ya kile kipimo chako nilizihesabu, nisingezihesabu. Zilifika kumi na moja. Sikungoja zifike kumi na nne, nikapiga simu, na daktari ananiona Jumatano hii. Naandika hapa ili nisije nikaahirisha. Siku mbili zilizopita taulo lilirudi kidogo, kama sekunde nne hivi, lakini miadi sijaifuta.

Halafu hii. Mapumziko ya mchana nimekuwa nikisimama nje, nyuma ya jengo, pale malori yanapogeuzia. Dakika kumi. Hakuna cha kutazama pale ila ukuta wa matofali. Siku za mwanzo nilijiona mjinga. Ila kwenye ule ukuta kuna kivuli cha paa la jengo letu, na kila wiki kimeshuka, tofali baada ya tofali. Nimeanza kuyahesabu yaliyo kwenye jua. Mwanzoni mwa Januari yalikuwa mistari mitatu ya juu. Ijumaa ilikuwa kumi na tisa.

Na jana nilibaki saa moja ya ziada kazini. Nilipopanda basi nikafuta kioo kwa mkono wa koti, nikaona mwanga bado upo kwenye madirisha ya juu ya majengo, rangi ya chungwa. Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu, nikasimama tu. Jua liliondoka saa kumi na moja na dakika tatu.

Mama Daftari, shikamoo. Wewe umeandika ngapi?

---

Mama Daftari

Marahaba mwanangu. Kwangu jana ilikuwa mawingu, taa zimewaka saa kumi na moja na dakika ishirini. Yako nimeiandika pembeni.